Kabla hujanunua nyumba ya kupangisha, tuongee kwanza kuhusu makaratasi

Mwaka wangu wa kwanza wa kupangisha niligombana na mpangaji kwa sababu ya alama ya sufuria. Duara jeusi hivi, ukubwa wa kisahani, limeungua juu ya ile meza ya mbao ya jikoni iliyojengewa ukutani karibu na sinki. Mi nasema hakuikuta, yeye anasema aliikuta siku ya kwanza na alishangaa kwanini sikumtajia. Tukasimama pale jikoni dakika kama ishirini kila mtu anaapa kwa anachokiamini, alafu akaniuliza swali moja tu: "Una picha?" Sina. Nilikuwa na mkataba mzuri kabisa wa kurasa sita, una mhuri, una mashahidi, ila hakuna mahali palipoandikwa hiyo meza ilikuwaje siku namkabidhi funguo. Nikamrudishia amana yake yote, ile pesa ya tahadhari, hata senti sikukata. Na mpaka leo sijui nani alikuwa mkweli, maana nikikaa nikawaza vizuri hata mi mwenyewe sikumbuki niliiangalia lini mara ya mwisho.

Hapo ndo nikaanza kuelewa kwamba makaratasi ya nyumba wengi tunayachukulia kama usumbufu wa kumaliza, saini hapa, mhuri pale, tia kwenye bahasha, imeisha hiyo. Kumbe kila karatasi kwenye hii biashara ni jibu la swali litakaloulizwa na mtu ambaye hakuwepo, na ataliuliza siku mambo yameshaharibika. Hakimu hakuwepo. Mtu wa bima hakuwepo. Ofisa wa mapato hakuwepo. Ndugu wa aliyekuuzia hawakuwepo, au wanasema hawakuwepo. Kwa hiyo siku hizi kabla sijasaini kitu najiuliza hii inamjibu nani, nikikosa jina la kuweka hapo basi ama hiyo karatasi haina kazi au mi sijaielewa.

Tuanze na umiliki, sababu hapa ukikosea hakuna mkataba wa mpangaji utakaokuokoa.

Watu wanasema "nimeona hati" kana kwamba kuiona inatosha. Hati uliyoonyeshwa sebuleni ni karatasi tu, swali ni rejista inasemaje, na rejista zenyewe hazifanani. Kuna nchi ambazo jina lililoandikwa kwenye rejista ya serikali ndo umiliki wenyewe, mfumo ulioanza Australia Kusini mwaka 1858 chini ya bwana mmoja Robert Torrens, baadaye ukasambaa nchi nyingi. Kuna sehemu nyingine, kama majimbo mengi ya Marekani, ofisi inatunza kumbukumbu za hati za mauziano na madeni yaliyosajiliwa ila haikuhakikishii nani mwenye mali, inabidi ufuatilie mnyororo nyuma, huyu alinunua kwa nani na yule alipata wapi, ndo maana kule watu wananunua mpaka bima ya hati, ile inayokulipa ikigundulika umiliki ulikuwa na kasoro. Jua kwanza uko kwenye mfumo gani, alafu ndo uulize maswali.

Na maswali yenyewe ni haya. Anayeuza ndo yule yule aliyeandikwa? Yuko peke yake au kuna mwenzake, mke, mume, ndugu, mbia? Kama mali imetokana na marehemu, aliyesimama mbele yako ana karatasi ya kusimamia mirathi au ana maneno tu na sura ya kuaminika? Kuna rehani ya benki juu yake, kuna zuio, kuna kesi? Kuna mtu anaishi mle ndani saa hii, na anaishi kwa mkataba gani? Hili la mwisho watu wanaliruka sana, unanunua nyumba "yenye mpangaji tayari" unafurahi pesa inaingia mwezi wa kwanza, kumbe sehemu nyingi mkataba wake unakuja na nyumba, kama muuzaji alimpangisha miaka mitatu kwa bei ya kirafiki hiyo bei umeirithi, na amana aliyompa muuzaji kuna uwezekano ataidai kwako. Ulipewa wewe hiyo amana siku ya mauziano? Ulikumbuka hata kuuliza?

Kitu kingine ni tarehe. Majibu ya upekuzi, yaani kuangalia rejista inasemaje, wa wiki tatu zilizopita yanakuambia hali ya wiki tatu zilizopita. Mtu mwenye shida ya pesa anaweza kukopa juu ya nyumba hiyo hiyo kati ya siku uliyopekua na siku unayolipa, kwa hiyo pekua mwanzo ili ujue kama inafaa, alafu pekua tena mwishoni kabla pesa haijatoka mkononi. Ni gharama ndogo. Kuna watu wanabishana na wakili kwa hiyo gharama alafu wanalipa bei ya nyumba bila kupepesa macho, sielewagi.

Kama ni fleti, kuna safu nyingine ya makaratasi kabisa: kanuni za jengo, malimbikizo ya ada ya huduma ya muuzaji, na kumbukumbu za vikao vya wamiliki. Hizo kumbukumbu ndo dhahabu. Ukikuta wamejadili paa linavuja vikao vinne mfululizo na hawajakubaliana nani alipe, basi ujue na wewe unakaribia kuingia kwenye mchango. Kanuni nazo zisome, kuna majengo hayaruhusu kabisa upangishaji wa siku chache, na kama hesabu yako yote ilitegemea wageni wa usiku mbili tatu basi umenunua kitu kingine tofauti na ulichopigia hesabu. Vibali vya ujenzi pia, hasa kwa vile vyumba vilivyoongezwa nyuma, maana chumba kisicho na kibali mamlaka ikiamua kibomolewe kinaondoka na kodi yake.

Ukishanunua, hamisha majina: mita za maji na umeme, bili za ardhi, uanachama wa jengo. Ni kazi ya asubuhi mbili tatu na inachosha, ila iishe.

Benki na bima nazo zina lugha zao. Mkopo wa nyumba ya kuishi mwenyewe na mkopo wa nyumba ya kupangisha mara nyingi ni vitu viwili, na masharti yanaweza kukutaka uwaambie kabla hujamweka mtu. Watu wanakaa kimya ili waendelee na riba nafuu, sawa, ila bima ndo inapouma. Bima ya kawaida ya makazi ilipimwa kwa kuamini unaishi wewe, moto ukitokea mwezi wa kumi na mtu wa bima akakuta majina mengine kwenye sanduku la barua, ana sababu ya kukataa kulipa na atakuonyesha ukurasa wenyewe. Kingine kilichojificha ni nyumba kukaa tupu. Bima nyingi zinapunguza au kusitisha baadhi ya kinga kama nyumba haina mtu zaidi ya siku 30 au 60, na hicho ndo kipindi bomba linapasuka na hakuna wa kukupigia simu. Soma hicho kipengele, usome mwenyewe, usimuulize aliyekuuzia.

Sasa mkataba wa pango. Kosa ninaloliona sana ni kuokota mkataba wa intaneti ulioandikwa kwa nchi nyingine, unabadilisha majina, unaprinti. Humo ndani kuna vipengele ambavyo sheria ya kwenu haivitambui, na kipengele kinachopingana na sheria hata mpangaji akikisaini kwa furaha siku ya mzozo kinaweza kuwa hewa tupu. Mfano mzuri ni amana. Ujerumani huwezi kudai zaidi ya kodi ya miezi mitatu, bila kuhesabu gharama za huduma. England na Wales tangu 2007 amana ya mikataba mingi ya makazi lazima iwekwe kwenye mpango maalum wa ulinzi, ukiikalia mwenyewe mahakama inaweza kukuamuru umlipe mpangaji adhabu ya mpaka mara tatu ya hiyo amana. Kwa hiyo "mbona nimeandika kwenye mkataba" si hoja.

Vitu ambavyo mi siwezi kuviacha ni vichache. Majina ya watu wazima wote watakaoishi pale, na sentensi inayosema kila mmoja anadaiwa kodi yote, siyo nusu yake, kwa sababu marafiki wawili wakikosana mmoja akahama, aliyebaki atakuambia "mi nshalipa sehemu yangu". Nani anatengeneza nini, na hapa usiandike "matengenezo madogo ni ya mpangaji" ukaishia hapo, dogo ni lipi? Balbu dogo. Koki inayodondosha? Kitasa? Taja vitu. Kodi inapandaje na kwa notisi ya muda gani. Mpangaji akitaka kupangisha mtu mwingine inakuwaje. Na mkataba ukiisha mkaendelea bila kusaini mpya, mko kwenye hali gani? Hili la mwisho ni mtego mtulivu sana, watu wanaishi miaka minne kwa mkataba wa mwaka mmoja, kila mtu ameridhika, mpaka siku unataka nyumba yako ndo mnaanza kutafuta mlikuwa mmekubaliana nini.

Alafu ile meza yangu ya jikoni. Siku hizi kukabidhi nyumba ni saa nzima na mpangaji tunakuwa wote. Naanzia mlangoni na simu inarekodi, natamka tarehe kwa sauti, naenda chumba kwa chumba kama mtu anayepaka rangi, ukuta, dari, sakafu, dirisha. Jikoni nafungua kabati la chini ya sinki, napitisha mkono kwenye bomba kuonyesha ni kavu, nafungua maji nayaacha yatiririke kidogo alafu napitisha mkono tena. Kila mlango wa kabati unafunguliwa na kufungwa. Choo kinaflashiwa. Kila swichi inawashwa. Namba za mita zinasomwa kwa sauti na kupigwa picha. Funguo zinahesabiwa mkononi mwake. Alafu kuna karatasi ya orodha yenye safu mbili, hali ya kuingia na hali ya kutoka, safu ya pili iko wazi, tunasaini wote na kila mtu anabaki na nakala, na video namtumia hapo hapo tukiwa bado tumesimama mlangoni ili naye awe nayo. Wapangaji wengi mwanzo wananiona nina gubu. Baadaye wanaelewa kwamba ile video inawalinda wao kuliko mimi, maana kilichokuwa kimevunjika nshakikiri kwa mdomo wangu.

Na hata ukiwa na ushahidi wote, amana siyo ya kukarabatia nyumba iwe mpya. Kuna uchakavu wa kawaida na kuna uharibifu. Rangi iliyopauka ni uchakavu, tundu la ngumi ni uharibifu. Hata kwenye uharibifu kuna umri wa kitu: tuseme rangi unategemea ikae miaka mitano, mpangaji ameikuta mpya amekaa minne akaichafua kupita kiasi, huwezi kumdai bei ya rangi nzima, kilichobaki kwenye ile rangi kilikuwa moja ya tano. Wenye nyumba wengi hawapendi kusikia hii ila ndo mantiki inayotumika sehemu nyingi mzozo ukifika kwa mtu wa tatu. Na ile pesa yenyewe iweke mbali na pesa yako, ukiila ni deni.

Malipo. Kama anakulipa taslimu mpe risiti yenye tarehe, kiasi, na mwezi unaolipiwa, hicho cha mwezi ndo kinasahaulika. Mtu analipa tarehe 5, ni ya mwezi huu au deni la mwezi uliopita? Usipoandika kila mmoja atakumbuka inayomfaa. Ikipita benki au kwenye simu bado andika. Na kuna jambo la hatari hapa, ukishatoa notisi ya kumtoa mtu alafu ukapokea kodi ya miezi inayofuata kimya kimya, kwa sheria za nchi kadhaa inaweza kuhesabiwa umeifuta notisi yako mwenyewe. Kabla hujapokea ongea na wakili au angalau andika unapokea kama nini.

Mpangaji akigoma kulipa, hapo ndo hasira inawaponza watu. Unaenda usiku unabadilisha kitasa, unang'oa mlango, unakata maji. Nchi nyingi hiyo ni kosa hata kama unamdai miezi sita, na unajikuta wewe mdai umegeuka mshtakiwa. Njia halali ni ndefu: notisi ya maandishi iliyofikishwa kwa namna inayothibitishika, muda unapita, unaenda kwenye chombo husika, unasikilizwa, amri inatoka, anayetekeleza ni ofisa na siyo wewe na binamu zako. Notisi ikiwa na tarehe imekosewa unaweza kurudi mwanzo. Jumbe za simu mlizoandikiana zote zitasomwa, pamoja na ile uliyomtukana.

Huo muda ndo hatari yenyewe ya kifedha, na hapa tupige hesabu ndogo. Nyumba ya 12,000, kodi 100 kwa mwezi. Dalali anakuambia 1,200 kwa mwaka, asilimia 10, safi. Toa mwezi mmoja mtupu kati ya mpangaji na mpangaji, zinabaki 1,100, yaani mwezi mmoja tu umekula asilimia 8 na kidogo ya mapato ya mwaka. Toa wakala wa usimamizi asilimia 10 ya kilichokusanywa, 110. Matengenezo 120. Bima na kodi za serikali 80. Zinabaki 790, ile asilimia 10 imeshakuwa 6.6. Kama una marejesho ya benki ya 65 kwa mwezi hiyo ni 780, kwa hiyo mwaka mzima umebakiwa na 10. Kumi! Sasa weka mpangaji mmoja asiyelipa miezi mitatu wakati unafuata njia halali, au riba ya mkopo inayopanda, au tenki la maji limepasuka mwaka huo huo. Nyumba haijapungua thamani, mpangaji anayefuata yupo, ila wewe unatoa mfukoni kulipa benki. Wengi wanaouza kwa hasara wanauza hapo, nyumba nzuri tu, walikosa akiba ya kuvukia miezi minne mitano.

Wakala naye ana karatasi yake. Kama anakusanya kodi kwa niaba yako, pesa inakaa akaunti gani, anakuletea lini, anaruhusiwa kutumia kiasi gani kwa fundi bila kukuuliza, na nani anashika amana? Bila hayo maandishi mpangaji anaweza kuwa ameshalipa vizuri kabisa na wewe hujaona kitu, na mbele ya sheria malipo kwa wakala wako yanaweza kuhesabiwa amekulipa wewe. Kuna na utapeli wa kinyume, mtu asiye na uhusiano wowote na nyumba anapiga picha, anajifanya mwenye mali, anachukua kodi ya miezi kadhaa kwa watu watatu. Ukienda kukagua unakuta familia na masanduku mlangoni.

Upande wa kodi ya serikali (Kiswahili kimetuonea hapa, kodi ya mpangaji na kodi ya serikali neno moja) kitu kikubwa ni kutenganisha matengenezo na maboresho. Kurudisha kitu kilivyokuwa, mfano kuziba paa linalovuja, mara nyingi gharama yake unaitoa kwenye mapato ya mwaka huo kabla ya kupigiwa kodi. Kujenga chumba kipya ni maboresho, gharama yake unaitoa kidogo kidogo kwa miaka au inasubiri siku ya kuuza. Marekani gharama ya jengo la makazi la kupangisha inagawanywa hivyo kwa miaka 27.5, ardhi haihesabiwi. Kwenu itakuwa na namba nyingine, ila risiti ya fundi iliyoandikwa "kazi ya nyumba" haimsaidii mhasibu popote duniani. Mwambie aandike alichofanya, na alifanya nyumba ipi. Alafu kuwa na akaunti moja ya nyumba tu, sokoni usiende nayo.

La mwisho silipendi ila lipo: ukilazwa miezi miwili, au ukafa. Mpangaji anaendelea kuweka pesa kwenye akaunti iliyofungwa, benki inaendelea kudai, bima inaisha hakuna anayejua, na familia inatafuta mkataba kwenye droo za sebuleni. Mi nimeandika ukurasa mmoja na nusu, hati iko wapi, bima inaisha lini, wapangaji ni kina nani na amana zao kiasi gani, fundi bomba ni yupi, nikampa dada yangu aipitie kama mtu asiyejua chochote. Akasoma yote kimya, akageuza ukurasa, akauliza mbona bili ya maji niliyoambatanisha bado ina jina la mtu aliyeniuzia. Miaka saba hiyo. Jumatatu asubuhi niko kwenye foleni ya ofisi ya maji.